Shahidi wa Tanbihi ya Arobaini na Moja

Mwizi wangu alikuja mwenyewe dukani kwangu, saa nne asubuhi, akavua miwani ya jua, akaniomba nimsaidie kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Nilijua hayupo kwa sababu nilimtunga mimi.

Tulieni niwapange taratibu, maana kisa hiki kimetokea hapahapa Kigoma na najua kuna watakaosema nawapiga fiksi. Semeni tu. Mimi yamenipata.

Naitwa Thobias, nina miaka thelathini na moja. Nina steshenari ndogo pale Mwanga. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja na wosia wa wazee. Nina digrii ya sheria, lakini wakili siyo. Mwaka niliomaliza chuo mama alianguka kwa presha, nikarudi nyumbani, na uwakili ukaishia hapo.

Mama yangu ni Eufrasia, yule anayekaanga samaki wa migebuka sokoni Ujiji. Wanaomjua wanamjua. Maneno machache, mkono mzito. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee.

Mwizi wangu anaitwa Erasto. Kwao Kalinzi, kwenye kahawa.

Chuoni Dar tulikaa chumba kimoja miaka minne. Waha wawili, ndoo moja ya kuogea, dagaa za mama yangu kwenye kopo moja. Laptopu yangu ilipokufa mwaka wa mwisho, Erasto akasema, "Mwanangu, tumia yangu, kwani shida iko wapi?"

Nikaitumia. Kazi yangu yote ya mwaka wa mwisho niliiandikia humo.

Na kazi yenyewe ilihusu sheria ya Marekani.

Najua mnacheka. Kijana wa Ujiji, sheria ya Marekani inamhusu nini? Ngoja.

Tulikuwa na jirani anaitwa Frida, Mkongo aliyekimbia vita. Alipata nafasi ya kwenda kuishi Marekani. Alikuwa na watoto watatu, wawili wa kuzaa na mmoja wa kulea, mtoto wa marehemu mdogo wake. Kwenye usaili wale wawili wakapita. Kwa yule wa tatu wakauliza hati ya mahakama iko wapi. Hakuna hati. Basi huyu si mtoto wako kisheria.

Frida aliondoka na wawili. Yule wa tatu alipelekwa kambi ya wakimbizi, akabaki na watu baki. Nilimwona mama yule anapanda gari bila kugeuza shingo, na sikuweza kula siku hiyo.

Nikaingia maktaba kwa hasira. Nikasoma sheria zao na kesi zao mpaka macho yakawa mekundu. Nikagundua kuna mlango mdogo. Kama huna hati ya mahakama, unaweza kujaribu kuonyesha kwamba mila ya kwenu inamhesabu mtoto wa kulea kuwa mtoto kamili, na kwamba alikabidhiwa kwa utaratibu unaojulikana.

Insha yangu nzima ilisimama kwenye mlango huo. Nilichokosa ni shahidi. Mtu wa ukanda wa ziwa, mwenye umri, aseme kwa mdomo wake mtoto hukabidhiwaje.

Nikapanga kwenda Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe, kwa sababu niliwahi kusikia kule watu wa zamani bado wapo. Nikamwambia mama.

Mama akaweka chini upawa.

"Mwamgongo huendi."

"Mama, ni boti tu kutoka Kibirizi, mchana umeshafika."

"Nimesema huendi. Ukienda usirudi kwangu."

Sijawahi kumwona mama amekasirika vile. Ila tangu nikiwa mdogo hakutaka tuende kule. Mwaliko wa harusi kule, hatuendi. Msiba kule, anatuma mchango, hatuendi. Alikuwa akisema ziwa la upande ule ni baya. Nikajua ni woga wa akina mama, nikaacha.

Nikarudi chuoni mikono mitupu, na siku za kukusanya kazi zimebaki nne.

Basi nikafanya lile ambalo mwanasheria hatakiwi kufanya. Nikatunga shahidi.

Wasiosoma mambo haya, tanbihi ni yale maandishi madogo chini ya ukurasa yanayosema habari hii umeitoa wapi. Kwenye tanbihi ya arobaini na moja nikaandika kwamba nilihojiana na Bi Mariana wa Mwamgongo, na kwamba alinieleza hivi:

Mama anayetoa mtoto hukata kipande cha wavu uliochakaa, akamfunga mtoto mkono wa kushoto. Humlisha tonge la mwisho kwa mkono wake. Kisha humkabidhi kwa mama mpya, akaenda kunawa mikono ziwani, na hatazami nyuma mpaka asikie boti imeondoka.

Niliandika kwa dakika kumi, bila kufuta hata neno. Jina nalo lilikuja lenyewe. Msimamizi wangu alipigia mstari sehemu ile, akaandika pembeni: "Hapa umenigusa."

Nikapata alama ya juu. Aibu nikaimeza, nikarudi Kigoma kumuuguza mama.

Miaka mitano ikapita.

Siku moja niko dukani napitia fesibuku, namwona Erasto. Amevaa koti, yuko mbele ya jengo la matofali mekundu, Marekani. Kumbe yuko kule anasoma shahada ya pili ya sheria. Chini ameandika kwamba anamshukuru Mungu, insha yake imekubaliwa na jarida la sheria la wanafunzi wa chuo chao. Ameweka na linki.

Nikasema safi sana, ndugu yetu ametoka. Nikabonyeza.

Jamani.

Sentensi ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili yangu. Frida wangu yumo, amebadilishwa jina. Niliteremka ukurasa baada ya ukurasa huku mteja anapiga kelele anataka kopi ya cheti, simsikii. Nikafika chini kabisa, tanbihi ya arobaini na moja. Bi Mariana wa Mwamgongo. Neno kwa neno.

Ila aliyemhoji sasa ni Erasto.

Nilimtumia ujumbe. Akausoma. Akanifungia.

Nikawaandikia wale wanafunzi wahariri. Wakajibu kwa adabu zote: asante kwa taarifa, tafadhali tuletee ushahidi kwamba kazi ni yako. Ushahidi upi? Faili lilikuwa kwenye laptopu ya Erasto. Msimamizi wangu alishafariki. Kopi yangu ya karatasi ililiwa na mchwa, na ya maktaba chuoni nilipouliza wakaniambia za miaka ile zilihamishwa, hazionekani.

Nilikonda. Siwadanganyi, nilikuwa nikichapa wosia wa watu huku namwazia Erasto kaburi. Kila mzee akija kuniita "mwanasheria" nilisikia kama ananitukana. Kazi moja tu niliyowahi kuifanya kwa moyo wangu, na ina jina la mtu mwingine.

Halafu nikakumbuka jambo.

Wanafunzi wa Marekani wanaoendesha majarida haya wana ugonjwa mmoja. Kabla insha haijapigwa chapa rasmi, wanakaa na kukagua tanbihi moja moja. Umesema kitabu fulani ukurasa fulani, wanakitafuta kitabu, wanaufungua ukurasa. Umesema umehoji mtu, wanataka sauti au saini. Tanbihi mia mbili, watakagua mia mbili. Wakati mwingine wanamegeana kazi, huyu ishirini, huyu ishirini, na mmoja akizembea ile moja ikapita.

Nikawaandikia sentensi moja tu.

"Kabla hamjachapa, mwombeni mwandishi uthibitisho wa tanbihi ya arobaini na moja."

Nikabonyeza kutuma. Nikafunga duka mapema, nikaenda kumnunulia mama soda. Akaniuliza kuna sherehe gani. Nikamwambia ipo njiani.

Wiki sita baadaye ndipo Erasto akasimama mlangoni kwangu na miwani yake.

"Thobi! Mwamba! Hujabadilika hata kidogo."

"Karibu, Erasto. Kiti hicho."

Akakaa. Akasifia duka. Akauliza afya ya mama. Alikuwa ananukia vizuri kupita duka lote. Mimi natabasamu mpaka mashavu yanauma.

"Kaka," akasema, "unakumbuka ile kazi yetu ya watoto wa kulea?"

Yetu!

"Naikumbuka," nikajibu.

"Sasa wale jamaa wa jarida wamenishikia bango. Wanataka saini ya yule bibi wa Mwamgongo, au video yake. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wasipoipata wanapiga chini insha, na chuoni kwangu itakuwa kesi. Wewe ulimhoji wapi yule bibi?"

Aliuliza hivyo bila haya. Hakuomba radhi, wala hakusema neno moja juu ya kunifungia. Aliuliza jinsi mtu anavyouliza njia ya kwenda posta.

Nusura nicheke kwa furaha.

"Bi Mariana?" nikasema. "Yupo sana. Panda boti Kibirizi, shuka Mwamgongo. Anakaa juu mlimani, siyo pale ufukweni. Ukiuliza siku ya kwanza usipompata usikate tamaa, huwa anashinda shambani. Panda tu."

"Simu hana?"

"Simu! Bibi wa watu hata redio hana."

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Thobi, wewe ni ndugu."

Nilisimama mlangoni nikamwangalia anavyoondoka na viatu vyake vyeupe. Kilima cha Mwamgongo nilisimuliwa. Nikaona akizunguka nyumba hadi nyumba akimwulizia mtu niliyemzaa mimi kichwani, watu wakimshangaa. Akirudi mikono mitupu, amekwisha. Akimpanga bibi wa uongo ampe saini, amekwisha zaidi.

Na mimi nilikuwa na kisu cha mwisho.

Nilikuwa nimeshaona njia ya kuthibitisha kwamba kazi ni yangu. Ni mtu mmoja tu duniani anayejua kwamba Mariana hayupo, naye ni yule aliyemtunga. Nikila kiapo hivyo, na Erasto akashindwa kumleta au akaleta wa kughushi, mwenye kazi atajulikana. Ningejichafua, ndiyo. Ningekiri kwamba nilitunga shahidi. Lakini mimi wakili siyo na sitakuwa tena, uchafu huo ungeninyima nini? Nilikuwa tayari kuchafuka mradi Erasto azame.

Mchana ule nikapita sokoni Ujiji kula kwa mama. Nikamsimulia huku nacheka.

"Nimemwingiza chaka Erasto, mama. Nimempeleka Mwamgongo kumtafuta Mariana."

Mama alikuwa anageuza samaki. Mkono ukasimama.

"Mariana gani?"

"Wa kutunga, mama. Hayupo. Na kesho naenda kula kiapo kwamba hayupo."

Mafuta yakaanza kuunguza samaki, hasogei.

"Thobia," akasema, "usiape juu ya jambo hilo."

"Kwa nini?"

Akaepua wale samaki walioungua.

"Nimesema tu."

Nikajua ni yale mambo yake ya kanisani, kwamba kuapa ni dhambi. Nikanawa, nikaondoka. Hakula siku ile. Niliona, nikapuuza. Kichwani mwangu alikuwepo Erasto peke yake.

Kesho yake nikaenda kwa wakili Nehemia, mtu mzima, ofisi yake haiko mbali na duka langu. Akasoma kiapo changu mara mbili. Akashusha miwani.

"Umeandika hapa kwamba Mariana wa Mwamgongo hayupo na hajawahi kuwepo."

"Ndiyo, mzee."

"Umekwenda Mwamgongo kuhakikisha?"

"Nimemtunga mwenyewe. Nikahakikishe nini?"

"Kijana, kiapo siyo barua ya mapenzi. Andika kwamba hukumhoji. Hilo unalijua. Kwamba hayupo, unajuaje?"

Alikuwa ananipa njia. Leo naliona wazi. Lakini "sikumhoji" lilikuwa neno dogo mno kwa hasira niliyokuwa nayo. Erasto angeweza kuponyokea hapo. Nilitaka nifunge kila tundu.

"Hayupo, mzee. Andika hivyohivyo."

Nikashika Biblia. Nikaapa. Nikatia saini, muhuri ukagongwa, nikaskani, nikatuma Marekani na tafsiri yake.

Siku ya tatu asubuhi majibu yakaja. Wahariri wamenishukuru kwa ujasiri wangu. Wamemwandikia Erasto, ameshindwa kujibu. Insha imeondolewa kwenye ukurasa wao. Mahali pake wameweka tangazo fupi: kazi hii imeondolewa kwa sababu mwandishi wake halisi ameapa kuwa shahidi wake mkuu, Mariana wa Mwamgongo, ni mtu wa kubuni na hajawahi kuwepo. Barua imeshapelekwa chuoni kwa Erasto.

Nilisoma tangazo lile mara tano. Nilipiga kelele dukani. Nikaagiza migebuka miwili na soda baridi, nikala peke yangu nyuma ya mashine ya kopi. Hakuna chakula kilichowahi kunikolea vile. Kisasi kina ladha, asikudanganye mtu.

Nikiwa nanyonya miiba, Erasto akaingia.

Viatu havikuwa vyeupe tena. Pua imebabuka kwa jua. Hakunisalimia. Alitoa simu, akaiweka juu ya kaunta, mbele ya sahani yangu.

"Nimeshasoma barua yao," akasema. "Umeshinda. Sasa angalia hii."

"Sina muda na wewe."

"Umeniingiza chaka, Thobi. Nimekukuta wewe mwenyewe humo. Angalia."

Akabonyeza.

Mwanamke amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya tofali za udongo, anachambua maharage. Siyo bibi sana, labda miaka hamsini na kitu. Mwembamba. Sauti ya Erasto inauliza, kwa upole wa kuomba kazi, kama yeye ndiye Mariana.

"Ego, ni mimi."

Erasto anamsomea tanbihi kwa Kiswahili. Kipande cha wavu. Tonge la mwisho. Kunawa mikono.

Yule mama anaacha maharage.

"Nani kakwambia hayo?"

"Ni mila ya huku, mama, imeandikwa kwenye…"

"Mila?" Anatikisa kichwa. "Hakuna mila hiyo. Uliza mlima mzima. Hayo niliyafanya mimi, siku moja tu, kwa mwanangu."

Nilisogeza sahani. Mkono ulikuwa na mafuta, nikaufuta kwenye suruali bila kujua.

"Nilikuwa naumwa kifua," anaendelea. "Natema damu. Nilijua nakufa. Dada yangu hakujaliwa mtoto. Akaja na boti kutoka Ujiji, nikampa wangu. Ana miaka minne. Nilimfunga kile kipande cha wavu ili asipotee. Sikujua la kufanya, nikafanya hilo. Halafu sikufa. Nilipopona nikaona aibu kumdai mtu mtoto niliyempa."

Sauti ya Erasto imebadilika. Anauliza polepole: "Dada yako anaitwa nani, mama?"

"Eufrasia."

"Na mtoto?"

"Thobia."

Video ikaisha.

Erasto akachukua simu yake.

"Nikiwatumia hii naonekana mwizi, maana inakutaja wewe," akasema. "Nisipoituma nimekwisha vilevile. Basi nimekurushia wewe. Kaa nayo."

Alipofika mlangoni akageuka. "Mariana yupo, Thobi. Wewe ndiye umeapa."

Sikumfuata. Nilikuwa namchukia bado, na mpaka ninapoandika hapa sijamsamehe. Amerudi Kalinzi, chuo kimemfungia, anachuma kahawa ya baba yake. Akipita mtaani kwangu hatusalimiani. Sitaki mnifikirie mimi ni malaika.

Nilikwenda Ujiji kwa miguu, sikumbuki njia nzima. Mama hakuwa sokoni. Nilimkuta nyumbani, amekaa kitandani, sanduku lake la bati liko wazi miguuni.

Alikuwa ameshika kipande cha wavu. Kimeliwa, kimekuwa rangi ya chai, kimefungwa fundo dogo la kutosha mkono wa mtoto.

"Nilikikata ulipolala," akasema. "Kwenye boti ulikuwa unakivuta unalia. Nikashindwa kukitupa."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeenda."

Hapo ndipo alipolia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona analia, hata siku ya presha. Akanishika mkono ule wa kushoto, akaung'ang'ania.

"Mimi pia nina hati gani, Thobia? Sina hata karatasi moja ya kusema wewe ni wangu."

Nilimkumbatia. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilikuwa nimeandika kurasa sitini kuitetea haki ya mama wa kulea mbele ya sheria ya Marekani, na mama wa kulea alikuwa ananikaangia samaki kila mchana.

Jioni ileile niliwaandikia wahariri. Niliwaambia nilikosea, shahidi yupo, ni mama yangu mzazi, kumbe nilikuwa nakumbuka nikadhani natunga. Nikawaomba waondoe lile tangazo.

Walijibu kwa adabu zao zilezile. Walisema wanasikitika. Sasa wana kauli zangu mbili zinazopingana, moja ina kiapo na muhuri. Hawana jinsi ya kujua ipi ya kweli. Tangazo litabaki kama lilivyo.

Siwezi kuwalaumu. Wao wanakagua karatasi.

Jumamosi nikapanda boti Kibirizi. Mama Eufrasia alinisindikiza mpaka majini, akanipa mfuko wa dagaa na kitenge kipya, akasema, "Mpe mdogo wangu." Hakusema zaidi.

Nilimkuta mwanamke wa kwenye video palepale kwenye mkeka. Aliniona nikipanda mlima, akasimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kibirizi, yote yakapotea.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitika. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akapapasa kifundo kwa kidole gumba, huku na huku, kama anatafuta alama.

"Mwana wanje," akasema kwa Kiha. Mwanangu.

Tulikaa. Akaniletea ugali na samaki wa kuhe, akanitazama nikila. Baadaye sana, majirani walipokwisha kuja na kuondoka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Yule kijana aliniambia kuna maandishi Marekani yana jina langu."

"Ndiyo, mama."

"Akasema uliandika wewe. Ule wavu, lile tonge, vyote." Akacheka peke yake, macho yamejaa. "Siku zote nilijua umesahau. Nilisema ana miaka minne, atakumbuka nini? Kumbe ulikumbuka. Kumbe ulikuwa unakumbuka ukaenda kuwaambia Wazungu."

Akajisogeza karibu nami.

"Nisomee," akasema.

Pale mlimani mtandao unashika. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa ule. Insha haipo. Lipo tangazo, mistari mitatu, na jina langu chini yake kama mtu aliyeapa.

Mariana wa Mwamgongo ni mtu wa kubuni na hajawahi kuwepo.

Mama yangu mzazi amekaa mbele yangu, magoti yanagusa yangu, anasubiri.

Nikaitazama simu. Nikamsomea tanbihi ya arobaini na moja kutoka kichwani. Wavu uliochakaa. Mkono wa kushoto. Tonge la mwisho. Anakwenda kunawa mikono ziwani, na hatazami nyuma mpaka asikie boti imeondoka.

"Ego," akawa anasema kila mstari. "Ego. Hivyohivyo."

Nilipomaliza akaniomba nimwonyeshe mahali jina lake lilipo. Kusoma hajui. Nikamwonyesha kwa kidole: Mariana. Akaligusa kwenye kioo, akalitazama muda mrefu. Akaniambia sasa hata akifa, kuna mahali imeandikwa kwamba alikuwepo.

Sijamwambia. Nakwenda kila mwezi, na kila nikienda ananiomba nimwonyeshe tena, na mimi namwonyesha.

Ndugu zangu, hasira mnazo na mmeonewa, najua, nami nilionewa kweli. Dai haki yako. Mbane mwizi wako. Lakini usije ukaapa juu ya jambo usilolijua ili tu umkomoe mtu unayemjua. Mzee Nehemia aliniambia niandike "sikumhoji." Neno moja. Lingemwangusha Erasto vilevile, na lingemwacha mama yangu hai kwenye karatasi.